Doa la Chai kwenye Ramani ya Kumi na Saba

Kila asubuhi nikishafungua chumba cha ramani, huzisalimia meza. Ziko sita. Ya kwangu siisalimii, tumezoeana kupita kiasi, lakini zile tano nyingine nazipitia moja moja kama daktari anayezunguka wodini. Ya Mrefu, aliyekuwa akijikunja mara mbili ndipo aweze kuchora mto. Ya Mnong'ono, aliyeongea na chupa yake ya wino na kuibembeleza isimwagike. Mbili za Mapacha, ambao hata undugu hawakuwa nao, ila walioa siku moja na walinuniwa na wake zao siku moja. Ya mwisho, kule chini ya dirisha, ni ya Kikombe. Hiyo huisalimia harakaharaka na kupita.

Hakuna meza inayojibu. Siku itakayojibu nitapanda ngazi mbio, na nina miaka sitini na goti bovu.

Chumba chenyewe kiko chini ya jengo, ngazi kumi na nne kwenda chini, na madirisha yake yamebanwa juu karibu na dari, usawa wa barabara. Kwa hiyo ulimwengu naujua kwa viatu. Najua mhasibu kanunua vipya, najua mfagizi anaumwa kisigino, najua nani kachelewa. Wachora ramani wenzangu waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa kustaafu, wengine kwa jeneza, na juu kule wakaleta kompyuta zinazochora mlima mzima kabla hujamaliza kupiga chafya. Mimi nilibakizwa chini kutunza karatasi za zamani. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Chakula cha mchana nakula hapahapa mezani, maana nyumbani pia ningekula peke yangu, halafu na vyombo nioshe.

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia. Kwenye ukumbi wa juu, pale wageni wanapongojea, ilitundikwa Ramani ya Kumi na Saba, moyo wa msitu na mito yake, niliyoinakili kwa mkono nikiwa na miaka ishirini na tisa. Haina tone, haina mkwaruzo, haina herufi iliyolala upande. Kwa ajili yake watu walianza kuniita Mkono Safi, na jina likashika mpaka kwenye kadi za harusi. Mwisho wa mwezi ule nilikuwa nastaafu, na nilishadokezwa kwamba siku ya kuniaga wangeishusha ukutani wanikabidhi, niende nayo nyumbani. Nilikuwa nimeshapima ukuta wa sebuleni. Nilikuwa nimeshapigilia na msumari.

Jumatatu ya wiki ya mwisho nikaona viatu vya mpira vyenye tope vikipita dirishani, kisha nikavisikia kwenye ngazi. Akaingia mhandisi mmoja, msichana wa umri wa kuwa binti yangu, na bomba la karatasi kwapani. Alinipa shikamoo yake nikaipokea, akaangalia zile meza tupu akaniuliza wenzangu wako wapi. Nikamwambia wamekwenda kunywa chai, watarudi kiama. Akacheka kwa adabu, kile kicheko cha mtu mwenye haraka.

Kazi yake ilikuwa laini ya umeme. Nguzo kubwa za chuma zilikuwa zipite katikati ya msitu, na alihitaji saini kutoka chumba chetu kwamba ramani inayotumika ni sahihi. Saini itoke Ijumaa, Jumatatu yake mashine za kukata miti ziingie. Ramani inayotumika ilikuwa ya kumi na saba. Nilifurahi, nikashika kalamu palepale.

Akasema nisubiri kwanza. Akakunjua picha iliyopigwa kutoka angani, msitu unaonekana kama kichwa chenye nywele nzito, akaweka kidole katikati.

"Mzee, hapa pana nini?"

Katikati ya miti palikuwa na duara. Si uwazi wa moto wala wa mti ulioanguka, duara kabisa, kama mtu aliubonyeza msitu kwa kitako cha glasi.

"Kwenye ramani yako hapana kitu," akasema.

Nikamwambia kama kwenye ramani yangu hapana kitu, basi hapana kitu, huyo rubani wake kapiga picha ya kitambi chake. Akacheka tena, safari hii kwa kweli. Akaniachia nakala ya picha, akasema atapita Alhamisi.

Viatu vyake vilipokwisha kupita dirishani nilikuwa bado nimekaa na ile picha mkononi. Duara lile nililijua. Nililiona mara moja tu maishani, miaka thelathini na moja nyuma, juu ya meza ileile.

Nieleze kisa chenyewe, ingawa kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakihadithia kama kichekesho.

Ramani ya Kumi na Saba niliinakili kutoka karatasi kongwe iliyochorwa na mpimaji aliyekufa kabla sijazaliwa. Pembe yake ya chini, ile yenye ufunguo unaoeleza kila rangi na kila alama, ilikuwa imeliwa na mchwa. Sisi wanakili tulikuwa na utaratibu wetu: unaifunika ramani yote kwa karatasi nyeupe, unaacha wazi kipande unachokinakili tu, jasho la mkono lisije likaharibu kwingine. Kwa hiyo ramani unaijua vipandevipande, kama mtu anayeoga gizani. Siku niliyofikia kipande cha katikati nilikifunua, nikaenda kula, niliporudi nikaona duara juu ya ile karatasi kongwe. La kahawia, jepesi, limekolea kidogo ukingoni, limekaa katikati ya msitu pasipo na jambo. Yeyote aliyewahi kuweka kikombe cha chai juu ya karatasi analijua duara lile.

Na chai ilikuwa imepigwa marufuku mezani. Mkuu wetu wa chumba, mtu ambaye meno yake sikuwahi kuyaona, alishaapa kwamba atakayefuata kuharibu karatasi kwa chai atamwona. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya rafiki yangu, na nyuma ya chupa zake za wino kulifichwa kikombe cha bati, jambo ambalo wote tulilijua isipokuwa mkuu. Ninaposema rafiki, namaanisha aliyekuwa msimamizi wangu wa ndoa, aliyenifunga tai asubuhi ya harusi yangu. Nyumbani kwake nilikuwa naingia bila kubisha.

Nikachukua wembe. Alasiri nzima nikakwangua lile duara, polepole, kwa ncha, mpaka karatasi ikatakata kama jino la mtoto. Nilipomaliza nikasimama, nikasema kwa sauti ya kuchekesha watu, nani huyu kanywea chai juu ya msitu wangu? Mapacha wakacheka. Mrefu akatazama meza ya dirishani. Sikujua kwamba mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Rafiki yangu alikana. Akaapa kwamba hakuwahi hata kuisogelea karatasi yangu. Aliomba kitu kimoja tu, kikombe chake kiletwe, kiwekwe juu ya lile doa, wapime. Mkuu akaja kutazama. Doa halikuwepo. Nilikuwa nimelifuta, na nimelifuta vizuri.

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kusema sina hakika. Lakini mkuu alikuwa ameinama juu ya kazi yangu kwa kioo cha kukuzia, akasema, katika miaka yote ya utumishi wake, mkono safi kama huu hajauona. Nikanyamaza niyasikie maneno hayo vizuri.

Walimhamishia kituo cha mbali, kutunza stoo ya vigingi vya mipaka. Jina la Kikombe likamtangulia kule kabla ya barua yake ya uhamisho. Siku aliyoondoka niliviona viatu vyake vikipita dirishani, visigino vimetazama nje kama kawaida yake. Vikasimama kidogo usawa wa meza yangu. Kisha vikaenda. Sikupanda ngazi. Tangu siku hiyo sikumwona tena, na mke wangu alipofariki sikumpelekea habari, maana ningeanzia wapi?

Basi. Jumatatu ile nikaenda kabatini, nikavuta droo ya chini kabisa, nikaitoa karatasi kongwe. Nikaiinua upande upande kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi iliyokwanguliwa hata ikaonekana nyeupe huwa ina manyoya, na manyoya yale yalikuwa yamesimama duara zima. Nikaweka bikari. Sentimita sita, kutoka ukingo hadi ukingo.

Siku ya pili nikaingia stoo ya madaftari. Wapimaji wa zamani walikuwa na daftari la uwandani, wanaandika humo kila wanachokiona wakiwa porini, mto, jabali, nyuki waliowafukuza. Mnakili hakuwa na ruhusa ya kuyagusa. Kazi yetu, tulifundishwa, ni kunakili kilichopo, si kuuliza kimetoka wapi. Kwa miaka thelathini na nane nilikaa hatua ishirini kutoka rafu ile na sikuwahi kuivuta hata kwa umbea. Nikalikuta daftari la yule mpimaji kwenye rafu ya tano, limegandana na jirani yake.

Aliandika kwa mwandiko wa kujibana, kama anaogopa karatasi kuisha. Alisema amefika mahali ambapo watu wa pande zote nne za msitu walikuwa wakikutana tangu zamani ambazo hakuna aliyeweza kumtajia. Yako mawe arobaini yamepangwa duara, kila jiwe kiti, na kila upande ulikuwa na viti vyake kumi: mashariki watu wa mto, magharibi watu wa mwamba, na hivyohivyo. Mtu akiingia pale na silaha aliiacha kwenye mizizi ya miti ya ukingoni. Waligawana maji pale, waliozana pale, walimaliza magomvi pale. Alipopafika tayari palikuwa pakavu, watu walishahamishwa msitu ulipofungwa, na aliyempeleka, mzee wa miaka mingi, alifuta jani kwenye jiwe moja moja akazitaja koo za waliokaa, mpaka arobaini zikatimia.

Kisha akaandika juu ya jiwe la arobaini na moja, lililowekwa nje ya duara, peke yake. Hilo lilikuwa la mtu mwenye kosa. Aliyemkosea mwenzake alitangulia yeye kufika, akakaa pale, akangoja. Aliyekosewa akija angekaa popote ndani ya duara apendapo, hata mbali kabisa, na mwenye kosa haruhusiwi kumfuata. Asipokuja, basi. Hakuna wa kumlazimisha.

Na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo zaidi, akaandika kwamba mahali hapa amepapaka kwenye ramani rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi, ili pasije pakachanganywa na majengo.

Nililisoma sharti la lile jiwe la nje mara tatu. Nikatazama saa, ilikuwa saa tano kasoro. Nikatoa mkate wangu nikaurudisha.

Jumatano mhandisi, niliyempigia simu, alinipeleka kwa gari lao mpaka kwenye lango la msitu, akanikabidhi kwa mlinzi, mwanamume mmoja mkavu mwenye filimbi shingoni, akaendelea na safari zake. Mlinzi aliniuliza nakwenda kutafuta nini, nikamwambia mawe. Ah, pale kwenye mawe, akasema, kama mtu anayeulizwa choo kiko wapi. Kwa miaka tisa alikuwa akila chakula chake pale. Alivyojua yeye ni msingi wa nyumba, kuna tajiri alitaka kujenga akaishiwa. Nikamuuliza nyumba gani ya duara yenye upana wa mita sitini. Akafikiri. Akasema labda tajiri alikuwa na watoto wengi.

Tulitembea saa nzima. Halafu miti ikaacha ghafla, na tukawa tumesimama ukingoni.

Sitajidai kwamba nilisikia sauti za kale. Palikuwa kimya tu, kimya cha ukumbi baada ya watu kuondoka na viti kusahauliwa. Mawe yalikuwa ya magotini, yamelainika juu kwa kukaliwa, kila moja na kibonde chake. Mengine yamemezwa nusu na mizizi, na kuvu imeyapaka kijani. Nikavuta futi kamba kutoka jiwe la mashariki hadi la magharibi, mlinzi kanishikia ncha ya pili. Mita sitini. Katika kipimo cha ile ramani, sentimita sita.

Mlinzi aliketi mahali pake pa kila siku akatoa chakula. Nikamsomea ukurasa wa daftari, nilioupiga chapa. Alikuwa akitafuna, nilipofika kwenye watu wa mto akaacha kutafuna. Akaniambia bibi yake mzaa baba alikuwa akisema wao ni watu wa mto, na wao watoto walikuwa wakimcheka, maana pale walipokulia hapana hata mfereji. Aliuliza mashariki ni upande upi. Nikamwonyesha. Akafunga chakula chake, akavuka duara lote polepole, akachagua jiwe, akalipangusa kwa kofia, akakaa. Baada ya muda akasema kwa mbali kwamba kumbe miaka tisa amekalia kiti cha watu.

Mimi nililitafuta lile la arobaini na moja. Lilikuwa nje, hatua saba kutoka kwa wenzake, limezungukwa na majani. Sikulikalia siku hiyo.

Alhamisi mhandisi akaja. Nikamweka kitini, kiti cha Mrefu, nikamweleza yote mpaka wembe. Aliisikiliza hadithi akinitazama mikono. Alipopata kusema alikuwa mtu wa kazi tena: laini inaweza kupindishwa, nguzo mbili zaidi, si jambo la kufa mtu, lakini ni sharti ramani irekebishwe rasmi kabla ya Ijumaa saa kumi. Pasipokuwepo kwenye ramani, kwa sheria hapapo, na mashine zitapita. Fomu alikuwa nayo. Fomu ina vyumba viwili vidogo, cha chanzo cha kosa na cha aliyefanya kosa, na ikisainiwa hubandikwa ubaoni juu mwezi mzima, kila mtu aisome.

Akaisoma, kisha akainua macho akatazama ile pembe ya karatasi iliyoliwa.

"Mzee, andika mchwa," akasema taratibu. "Si ndio waliokula ufunguo? Nani atakwenda kuwauliza?"

Alikuwa ananionea huruma, na hakuwa mjinga. Mchwa wangeokoa msitu vilevile. Duara lingerudi, nguzo zingepinda, na mimi ningekwenda nyumbani na ramani yangu nikaitundike kwenye msumari wangu, Mkono Safi mpaka kaburini. Ni mtu mmoja tu ambaye asingepata kitu katika mpango huo, na yeye alishazoea kutopata.

Nilimwomba aniachie fomu mpaka kesho. Nilikwenda nayo nyumbani. Niliiweka kwenye meza ya kulia, upande wa mke wangu, tukakaa tunatazamana. Mara ya mwisho mke wangu alipomtaja rafiki yangu alikuwa tayari amelazwa. Aliniuliza, hivi yule aliyekufunga tai ulimfanya nini hata asije? Nilimwambia watu huhama. Aligeukia ukutani.

Ijumaa asubuhi sikuzisalimia meza. Nikakaa, nikachovya kalamu. Chanzo cha kosa: rangi ya mpimaji ilidhaniwa kuwa doa la chai na kukwanguliwa bila kuangalia daftari. Aliyefanya kosa: nikaandika jina langu lote, na la baba, na cheo. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo mengine. Humo nikaandika kwamba mtumishi aliyeadhibiwa kwa doa hilo hakuhusika, nikaliandika jina lake kamili, lile la kwenye cheti. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa sijaliandika wala kulitamka, nilikuwa na Kikombe tu mdomoni.

Fomu ilibandikwa kabla ya chakula cha mchana. Mchana nikasikia vicheko kwenye ngazi, vinashuka mpaka ngazi ya kumi hivi na kurudi. Saa nane mkurugenzi akaagiza Ramani ya Kumi na Saba iondolewe ukutani, si kwa ubaya, ila haiwezekani wageni wakangojea mbele ya ramani yenye kosa. Mfagizi mwenye kisigino kibovu ndiye aliyenishushia. Akaiegemeza kwenye meza ya Mnong'ono, akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa kuliko ramani.

Ya kuniaga yakawa soda na hotuba fupi. Hakuna aliyeniita Mkono Safi, na hakuna aliyejua aniite nani.

Kuhusu rafiki yangu, niliambiwa na mtu wa mirathi na pensheni, anayejua kila mstaafu alipo, kwamba anakaa mji wa jirani na ana kiduka cha fotokopi. Nilicheka peke yangu kusikia bado ananakili. Nikamwandikia barua. Nilichana nne, ya tano ilikuwa na mistari mitatu: halikuwa doa la chai, nimeambatanisha fomu na ukurasa wa daftari na mchoro wa njia, Jumamosi ya wiki ijayo kuanzia asubuhi nitakuwa pale, kwenye jiwe la nje, usijisumbue kunijibu.

Jumamosi mlinzi alinifungulia lango saa moja. Aliniambia ameshafyeka njia, na kwamba dada zake wawili wanataka kuja kukiona kiti. Nikaingia peke yangu.

Jiwe la arobaini na moja ni baridi. Nalisema kwa sababu mpimaji hakuliandika, na nadhani wale wazee walilichagua kwa makusudi. Kibonde chake ni kirefu kuliko vya wenzake, dalili kwamba wateja walikuwepo. Nilikaa. Jua likapanda mpaka likamulika ndani ya duara, mawe arobaini yakaonekana yote, na hapana mtu. Nimezoea kukaa na meza tano zisizojibu. Arobaini ni nyingi. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Nikaanza kujitania kwamba afadhali ningeandika mchwa, ningekuwa nyumbani nikipangusa kioo cha ramani, lakini utani wenyewe haukunichekesha.

Saa tano na robo miti ya upande wa pili ikatikisika. Sura sikuiona, macho yangu yalichoka zamani, ila niliuona mwendo, visigino vimetazama nje. Nikasimama. Nikakumbuka sharti, nikakaa.

Alichagua jiwe la mbali kuliko yote, lililonielekea zaidi ya mita sitini juu ya nyasi. Akaketi taratibu, kwa mkono kwenye kiuno. Akafungua mfuko akatoa chupa ya chai, akamimina, akanywa. Hakuwa na haraka. Akamimina tena. Nilimwona akiinua uso kutazama mawe, moja baada ya jingine, akifuata duara lote kwa kidole hewani, kama tulivyofundishwa kufuata mstari kabla ya kuuchora. Kidole kilipofika kwangu kilisimama kidogo. Kisha akanyanyuka akaja, akivuka katikati, kikombe mkononi, chupa na mfuko kwapani.

Amezeeka. Nadhani na yeye aliliona hilo kwangu. Alisimama kando ya jiwe la duara lililo karibu na langu, akaweka kikombe cha bati juu yake, palepale kibondeni, akakibonyeza kidogo, akakiinua. Kikaacha mviringo wa maji ya chai.

"Rula unayo?"

"Ninayo." Nimestaafu, lakini rula iko mfukoni.

"Pima."

Nikaenda, nikapiga magoti, goti bovu na lisilo bovu. Nikapima mara mbili.

"Sentimita nane."

"Na la kwako?"

"Sita."

"Sema tena."

"Sita," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza muziki wa nyumba ya jirani. Kisha akaniambia kwamba mke wake anamwita Kikombe. Watoto wa mtaani wanamwita Babu Kikombe. Fundi aliyeandika bango la duka lake hata hakumuuliza jina, alikuja na ngazi na rangi akaandika Fotokopi kwa Kikombe, na amepita chini ya bango hilo kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na mbili.

Nilikuwa bado chini. "Nisamehe, ndugu yangu."

Alifunga chupa, akakung'uta kikombe, akakirudisha mfukoni. Alisimama akilitazama jiwe langu.

"Hilo jiwe ni baridi?"

"Baridi sana."

"Vizuri," akasema.

Nadhani mdomo wake ulicheza upande mmoja, lakini nimekwambia macho yangu. Akageuka akavuka duara kwa njia aliyojia, hakuharakisha wala hakutazama nyuma, na miti ikafunga.

Sikumfuata. Nilirudi kwenye jiwe la nje nikakaa. Ule mviringo wa chai ulikuwa bado unang'aa pale mbele yangu, wa kahawia, umekolea kidogo ukingoni. Kitambaa ninacho mfukoni daima. Nikauacha. Nilikaa nao mpaka ukakauka wenyewe, ukingo mmoja kwanza, kisha mwingine, na jua likawa limeshahamia kwa watu wa mto.